Ishara Kupitia Mlango Mwembamba

Taasisi ilipotangaza kwamba tovuti yake ya ishara itafungwa, Nyusi alikuwa kazini kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga kurasa za kalenda. Aliisoma habari hiyo kwenye simu, akairudia, akaizima kompyuta yake na kwenda uani. Alikaa juu ya marobota ya karatasi, akaifungua tovuti yenyewe.

Nyusi halikuwa jina lake la cheti. Viziwi hupeana majina ya ishara, na lake lilikuwa kidole kimoja kupitishwa juu ya jicho, kwa sababu nyusi zake zilikuwa nene na zilisema mengi kuliko midomo ya watu wengine. Homa ilimnyang'anya masikio akiwa mtoto wa chekechea. Tangu hapo mikono ndiyo ulimi wake.

Tovuti ile ilikuwa hazina. Taasisi ilikuwa imewarekodi viziwi wa kila namna, Nyusi akiwemo: washonaji, madobi, akina mama wa nyumbani, na seremala mmoja mzee aliyeitwa kwa ishara ya Patasi. Kila mmoja alikaa mbele ya kamera akaonyesha maneno ambayo mtu huyahitaji siku ya shida: figo, mimba, dhamana, shahidi, kizunguzungu. Patasi peke yake alitoa ishara za mwili mzima, kuanzia utosini hadi kisiginoni, kwa mikono mikavu yenye kidole kimoja kilichokatwa ncha na msumeno. Alifariki kabla kazi haijaisha. Wauguzi walikuwa wakijifunza kwa video zile, na wazazi wenye watoto viziwi, na makarani wa mahakama.

Nyusi alikwenda kumwona mkurugenzi wa taasisi. Mkurugenzi alimkaribisha kiti, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kumsifu jinsi anavyovaa, kisha akasema kupitia mkalimani, "Dada yangu, ndiyo hivyo. Mradi umekwisha."

"Mradi ndio umekwisha," Nyusi akajibu. "Sisi hatujaisha."

Hakungoja chai. Kabla tovuti haijafungwa, alikuwa ameshapakua video zote, moja baada ya moja. Kiwandani kulikuwa na kompyuta kuukuu inayokaribia kutupwa. Aliiomba, akaifuta vumbi, akaipeleka nyumbani na kuiweka stoo, kando ya jiko, katikati ya ndoo na pasi mbovu. Aliiunganisha na intaneti ya nyumbani, akazipanga video kwa herufi, akawatumia viziwi wenzake anwani mpya. Kompyuta ya namna hiyo, inayokaa imewashwa usiku na mchana ikingoja kuombwa, mafundi huiita seva. Nyumbani kwao iliitwa "kile kidude cha stoo."

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Nyusi. Mbele aliishi kaka yake pamoja na mkewe, na huyo mke wa kaka, Wifi, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyefundisha kwa video. Meza yake ilikuwa sebuleni, ubao mweupe nyuma yake, wanafunzi wakiwa wametawanyika kila mahali, kila mmoja kwenye kijisanduku chake kwenye skrini. Mwalimu mkali, mwenye sauti ya kupasua kuni. Kaka alikuwa akitania kwamba mtu pekee anayeweza kulala vizuri humo ndani ni Nyusi.

Mwanzoni kidude cha stoo hakikumsumbua mtu. Kisha anwani ikasambaa. Chuo kimoja cha uuguzi kikawaambia wanafunzi wake wote waitembelee. Viziwi wa nchi jirani nao wakabisha hodi. Nyusi alikuwa akitazama idadi ya wageni ikipanda huku akitabasamu peke yake, na hakujua kwamba kule sebuleni mambo yalikuwa yanakwenda mrama.

Sura ya Wifi ilianza kuganda katikati ya somo. Sauti yake ikawa inakatika, ikirudi inakuja vipande vipande kama redio yenye betri mbovu. Siku moja skrini ilimgandisha mdomo wazi, jicho moja limefumba, mkono juu kama anayetaka kumzaba mtu kofi. Wanafunzi wakaipiga picha skrini. Kufikia mchana picha ilikuwa imefika kwa wazazi, na chini yake mtu ameandika: *Hesabu imemshinda mwalimu.*

Kaka alimtumia Nyusi ujumbe kazini, wa maneno mawili tu: *Wifi amewaka.*

Nyusi akadhani kaka amekosea herufi, alitaka kuandika *WiFi imewaka*, yaani intaneti ya nyumbani. Asubuhi ilikuwa inasuasua, sasa imepona. Akafurahi. Akamrudishia kidole gumba. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyelipwa, akafungua mlango wa stoo, akamkuta Wifi amesimama kati ya ndoo, ameshika plagi mkononi, macho yamemtoka. Taa za seva zilikuwa zimezimika zote.

Hapo ndipo alipoelewa nani aliyewaka.

Wifi alijua ishara chache tu: njoo, kula, pole. Hasira yake haikuenea humo. Alisema kwa mdomo, haraka, na kaka akaja mbio kutafsiri, mikono yake ikirukaruka.

"Anasema ameizima. Anasema amechoka. Anaomba iwashwe usiku tu."

"Usiku?" Nyusi akasema. "Muuguzi anayemhudumia mgonjwa kiziwi mchana angoje usiku? Mahakama ifunguliwe usiku?"

Kaka alitafsiri. Wifi akajibu sentensi moja fupi, na mikono ya kaka ikabaki imening'inia.

"Amesemaje?"

"Hasira tu hizo. Achana nazo."

"Nimeona midomo yake. Kasema nyumba hii ina watu wanaofanya kazi."

Kaka aliinamisha kichwa. Nyusi akaichukua plagi kutoka mkononi mwa Wifi, bila kumnyang'anya, kidole kimoja kimoja, akaichomeka. Taa zikarudi.

"Mwambie hivi: akichomoa, nachomeka. Akichomoa tena, nachomeka tena. Na mimi sichoki upesi, nimezoea kurudia jambo mara nyingi ili watu wanielewe."

Kaka, mtu wa amani, alimgeukia mkewe. Alifikiri kwa kuwa amempa dada yake mgongo hataonekana. Lakini kulikuwa na kioo ukutani. Nyusi aliisoma midomo yake kiooni: *Mwonee huruma, hana kingine.*

Alimpiga begani akamgeuza. "Huruma sitaki, kaka. Wala si kweli kwamba sina kingine. Nina kazi, nina marafiki, na chumba changu kwenye nyumba ya baba yangu. Video hizi nimezichukua kwa sababu ni zetu. Wewe na mkeo hamnionei huruma mkitaka chumvi mezani, mnaniambia tu nipitishe chumvi. Basi na hili tuliongee hivyo hivyo."

Jioni hiyo watatu walikula kimya. Kwa Nyusi kimya cha kawaida kilikuwa kimejaa mikono na macho. Hiki hakikuwa na kitu.

Pamoja na ukaidi wake wote, jambo moja lilimchoma, nalo ni ile picha iliyoganda. Aliiona kwenye simu ya kaka. Alijua vizuri kucheka kwa watu wanaokuonyeshea kidole huku wewe hujui wanasema nini. Kama seva yake ndiyo iliyomweka Wifi pale, haikutosha kusema "nachomeka tena."

Siku yake ya mapumziko aliitumia stoo, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kompyuta ndogo mapajani. Alisoma, akapima, akatazama michoro ya mawasiliano ikipanda na kushuka, na taratibu akaupata mzizi wa fitina. Laini ya nyumbani ni kama nyumba yenye lango pana la kuingilia na kimlango chembamba cha kutokea. Kampuni huitengeneza hivyo kwa sababu watu wengi nyumbani hupokea zaidi kuliko wanavyotuma. Lakini seva kazi yake ni kutuma. Kila mgeni alipoomba video, video ilitoka kwa kimlango kile, na wageni wakiwa wengi mlango uliziba, kama watu wanaohamisha kabati huku wengine wanataka kupita. Sura ya Wifi na sauti yake navyo vilitoka kwa mlango uleule, vikakwama nyuma ya kabati.

Kwa hiyo kisa hakikuwa seva. Kisa kilikuwa seva isiyo na breki. Ilitoa kila ilichoweza, kwa kasi yote, bila kuuliza nani mwingine anataka kutoka.

Kuiwekea kikomo hakukuwa kugumu. Aliandika amri kwamba kompyuta ile isitume zaidi ya kiasi fulani, hata ikiombwa na dunia nzima. Kigumu kilikuwa kukijua hicho kiasi. Alianza kwa kubana sana. Wifi akafundisha vizuri, lakini ujumbe ukaanza kumiminika kutoka kwa viziwi. Muuguzi mmoja, kiziwi mwenyewe, alimwandikia: *Patasi anainua mkono, halafu anaganda. Sijui kama anaonyesha ini au wengu.* Nyusi akalegeza. Muuguzi akashukuru, na sebuleni Wifi akapiga meza ngumi. Nyusi aliuhisi mtikisiko miguuni, kupitia sakafu.

Akabana, akalegeza, akabana. Nyusi alijiunga na darasa kwa kompyuta yake ndogo, na kwenye skrini yake picha ya Wifi ilionekana nzima, lakini Wifi bado alikunja uso. Ilimchukua Nyusi muda kuelewa: picha inaweza kupita huku sauti inachanika, na sauti hakuwa na namna ya kuipima. Alihitaji masikio.

Alikwenda sebuleni wakati wa mapumziko kati ya vipindi, akaandika kwenye ubao mweupe, chini ya mlinganyo wa Wifi: *Nataka kukiwekea kidude breki. Macho ninayo. Sina masikio. Niazime yako.*

Wifi alisoma. Akaendelea kutazama ubao muda mrefu, kama mwalimu anayetafuta kosa kwenye jibu la mwanafunzi mtundu. Kisha akachukua kalamu akaandika: *Na isipofanya kazi?*

*Tutagombana kama kawaida.*

Wifi akacheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka puani.

Walipanga ishara. Ngumi ikifunguka na kufumba: sauti inakatika. Kiganja chini: iko sawa. Kipindi kilichofuata Nyusi alikaa sakafuni karibu na mlango wa stoo, mahali anapoweza kumwona Wifi bila kuonekana na wanafunzi. Alikuwa amewaomba wenzake waifungue seva wote kwa pamoja, waitese wanavyoweza. Wifi alifundisha milinganyo, na mwanafunzi mmoja alipomwuliza kama bado yupo, akajibu kwa mdomo kwamba yupo, huku kwa mkono wa kushoto, chini ya meza, akimfungulia na kumfumbia Nyusi ngumi. Nyusi akashusha. Ngumi tena. Akashusha kidogo. Kiganja. Akapandisha taratibu, kama mtu anayefungua bomba asiloliamini. Kiganja. Kiganja. Ngumi! Akarudi nyuma hatua moja.

Kuna wakati yeye ndiye aliyeona kwanza. Midomo ya Wifi kwenye skrini ya Nyusi ilichelewa nyuma ya midomo yake halisi, kwa kiasi ambacho mtu anayesikiliza asingekitilia maanani. Nyusi alishusha kabla ngumi haijafumba. Wifi alimtazama kwa mshangao, akasahau alikuwa amefikia wapi kwenye mlinganyo, na wanafunzi wakamkumbusha.

Walipata mahali pake. Kikomo kilikuwa chini kidogo ya uwezo wa mlango, ili pabaki nafasi ya mtu mwingine kupenya. Saa za masomo kilishuka zaidi, na siku zisizo na masomo kikapanda chenyewe. Kwa wale waliolalamika kwamba video zinachelewa, Nyusi alizipunguza uzito. Alikata kuta, mapazia na meza, akaacha uso, kifua na mikono. Rangi alizififisha. Kitu kimoja hakukigusa: idadi ya picha zinazopita katika kila sekunde, kwa sababu vidole vikipoteza picha hata chache, neno hufa njiani. Watu wa taasisi walikuwa wamerekodi mapazia kwa ufasaha mkubwa. Yeye alitunza vidole.

Muuguzi aliandika: *Ni ini. Sasa naona.*

Mambo yalikuwa yametulia hivyo ulipofika ujumbe wa mkurugenzi. Taasisi, alisema, imepata mpango mpya. Ishara zitachujwa na kamati, na zile "za mtaani" zitaondolewa. Hospitali zitakazotaka kuzitumia zitaomba kibali. Kwa hiyo anakuja, wiki inayofuata, kuchukua video zote, na anategemea kwamba nakala ya nyumbani itafutwa mbele yake.

Nyusi alijua ishara za mtaani ni zipi. Ni za Patasi, karibu zote.

Hakumjibu mkurugenzi. Aliwaandikia viziwi wenzake katika miji mitano: *Nani ana kompyuta, na mahali pa kuiweka? Chukueni zote.* Wakajitokeza siku ileile. Hesabu yake ikamwonyesha jambo lililomkosesha raha: kwa breki aliyoiweka, hazina nzima isingemaliza kutoka kabla mkurugenzi hajafika. Kimlango kilikuwa chembamba mno.

Kaka ndiye aliyesema kwanza. "Toa breki. Siku chache tu."

Na Wifi, aliyekuwa ameelewa nusu kwa kutazama mikono, akaweka kalamu chini. "Toa," akasema kwa mdomo na kwa mkono, ishara aliyoibuni mwenyewe, kama anayeng'oa kisiki. "Wanafunzi nitawaambia ninaumwa."

Nyusi akatikisa kichwa.

"Wewe naye!" Wifi akamaka. "Juzi ulitaka kupigana nami kwa ajili ya hiki kidude, leo nakupa mlango wote hutaki?"

Kaka alitafsiri jibu polepole, kwa sababu Nyusi alilisema polepole. "Yule bwana anataka kutufungia mlango ili mambo yake yapite. Nikikufungia wewe ili yangu yapite, mimi na yeye tutatofautiana nini? Wanafunzi wako hawaumwi na wewe huumwi. Fundisha. Tutapita wote."

"Na zisipomaliza?"

"Zitamaliza."

Hakuwa na uhakika. Lakini alianza kuzipanga upya. Za Patasi zikatangulia, kwa mji mmoja kwanza, ule wenye laini nzuri ya kutuma. Aliyezipokea huko akaanza kuwagawia wengine hata kabla hajazipata zote, na hao wakagawiana wao kwa wao, kila mmoja kwa kimlango chake. Siku zisizo na masomo breki ililegea, na Wifi akawapigia kelele watu wote wa nyumbani wasithubutu kufungua filamu. Kaka alipokutwa akitazama mpira kwenye simu, alinyang'anywa simu na mkewe na dada yake kwa pamoja, wa kwanza akipiga kelele, wa pili akikunja nyusi, na hakujua amwogope nani zaidi.

Mkurugenzi alifika asubuhi, amevaa suti, ameongozana na mkalimani, binti mpole mwenye wazazi viziwi. Wifi alikuwa hana kipindi. Waliketi sebuleni. Mkurugenzi alizungumza vizuri kwa muda mrefu kuhusu viwango, ubora na utaratibu. Alisema hakuna anayemlaumu Nyusi, nia yake ilikuwa njema, ila kompyuta ya stoo yenye mwendo wa kinyonga si mahali pa mali ya taasisi.

"Kwenye fomu tuliyosaini," Nyusi akasema, "iliandikwa kwamba ishara zinarekodiwa kwa ajili ya viziwi wote. Nilikuwepo. Patasi alikuwepo. Hatukusaini kwa ajili ya kamati."

"Nitawaandikia kampuni ya mtandao. Mnarusha matangazo kwa laini ya nyumbani, mnawalemea watu."

"Waandikie. Tunatuma chini ya kiwango cha laini yetu, mchana na usiku. Hata mwalimu huyu hapa hatumlemei, muulize."

Wifi alikunja mikono. "Mimi na yeye tuna ugomvi wetu wa ndani," akasema, "lakini hapo hajadanganya."

Sauti ya mkurugenzi ikapanda. Nyusi aliiona kwenye mishipa ya shingo. "Dada, mwenye busara huambiwa mara moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mkalimani alisita. Aliitazama methali ile ikimjia mikononi na hakujua aishike wapi. Mwishowe akaitafsiri yote, neno kwa neno, huku masikio yake yakiwaka.

Nyusi akainua suruali yake kidogo, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, akavichezesha vifundo. "Mwambie sijawahi kusikia la mkuu yeyote tangu utotoni," akasema. "Atazame mwenyewe kama kuna uliovunjika."

Wifi aliangua kicheko kabla mkalimani hajafungua mdomo. Alikuwa ameelewa mwenyewe, yote, bila kusaidiwa. Kaka akamgeukia mkewe kama aliyemwona kwa mara ya kwanza.

"Basi futa," mkurugenzi akasema, akisimama. "Futa sasa hivi, nione."

"Nikifuta hizi, utakwenda kufuta na zile zingine?"

"Zipi zingine?"

Nyusi alimwonyesha ramani kwenye kompyuta yake ndogo. Miji mitano, kila mmoja na taa yake ya kijani. Wa mwisho ulikuwa umekamilika asubuhi hiyohiyo, wakati mkurugenzi akitafuta mahali pa kuegesha gari.

Mkurugenzi alikaa tena, taratibu, bila kukaribishwa. Akauliza nani na nani wanazo. Nyusi alijibu kwa muda mrefu, mikono miwili, uso mzima ukishiriki, na alipomaliza mkalimani alikohoa kidogo.

"Anasema hapana."

Mkurugenzi aliwahi kuandika mara mbili zaidi. Kampuni ya mtandao ilijibu kwamba haioni tatizo lolote kwenye laini ile. Kamati ya kuchuja ishara ilikutana, ikagombana kuhusu neno la kwanza, ikaahirisha. Chuo cha uuguzi kikaendelea kutumia anwani ya stoo, na siku ya umeme kukatika kikahamia ya mji mwingine bila kuuliza.

Wifi siku hizi anamaliza somo, anafunga kompyuta, anakwenda mlangoni kwa Nyusi na kupiga sakafu kwa mguu ili mtikisiko umfikie. Wanabishana kwa mikono mpaka chakula kinapoa. Ishara za Wifi bado ni mbovu. Juzi alitaka kusema amechoka, akasema amejifungua. Nyusi alimpongeza, akamuuliza ni wa kike au wa kiume.